Skrubu ya Nyuma

Bunduki ya kwanza niliyopewa kutengeneza haikuwa na chuma hata kidogo. Ilikuwa mti mtupu: kitako cha kukaa begani, shingo ya kushikwa na mkono, na ule mfereji mrefu wa mbele ambamo mtutu hulala. Niliigeuza huku na huku, nikamuuliza fundi sehemu nyingine iko wapi.

"Sehemu nyingine si yako," akasema. "Wala si yangu. Piga msasa."

Ilikuwa miaka ya hamsini, wakati wa hali ya hatari, katika duka la mjini Nairobi lililokuwa kwenye uchochoro unaoteremka kuelekea mtoni. Mwenye duka alikuwa Mhindi mwembamba, mwenye wasiwasi, aliyerithi kazi kwa baba yake. Alitengeneza bunduki za Wazungu, za kuwindia na za mashindano ya shabaha. Kwa kuwa ilikuwa hatari kwa Mwafrika kuonekana ameshika bunduki, na hatari zaidi kwa Mhindi aliyempa, alikuwa ameigawa kazi sehemu mbili. Chuma kilikaa chumba cha mbele, ndani ya kasha lenye kufuli. Mti ulikaa nyuma, kwetu. Siku ya kuunganisha alikuja na chuma mkononi, lile komeo la kufungia risasi akiwa amelitia mfukoni, akaketi kwenye kigoda katikati yetu. Sisi tulishika mti, yeye alishika chuma. Skrubu mbili zinazofunga vitu hivyo pamoja, moja mbele na moja nyuma karibu na kidole cha kufyatulia, alizikaza mwenyewe, kwa bisibisi ambayo sikuwahi kuigusa.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilitoka magharibi baada ya baba kufariki na shule kunishinda nikiwa kidato cha pili, nikalala Ngara, katika chumba cha nyuma ya nyumba ambako binamu yangu alikuwa mpishi. Asubuhi nilivuka mto kwa miguu na dakika ishirini baadaye nilikuwa kwenye benchi. Askari walinisimamisha mara chache tu. Walitazama kipande changu cha utambulisho, wakasoma kabila, wakanirudishia. Mzee niliyefanya naye kazi, yule fundi, hawakumrudishia upesi hivyo.

Yeye alikuwa Mkikuyu wa Riruta, mtu mfupi mwenye majivuno, aliyenusa tumbaku na kupiga chafya juu ya kazi yangu. Kila alfajiri alitembea kutoka kule karibu na mahali ambapo siku hizi wanapaita Satellite mpaka mjini, na ndani ya koti lake kulikuwa na barua ya mwenye duka inayosema kwamba mchukuzi wa barua ni seremala wake na anahitajika kazini. Barua hiyo ilitiwa sahihi upya kila mwisho wa mwezi. Bila barua hakuwa na ruhusa ya kuingia mjini, na asiye na ruhusa alipakiwa lori akapelekwa kizuizini.

Aliniita msomi. Halikuwa jina la heshima.

"Msomi, unaimba nini?"

"Wimbo wa kanisani, mzee."

"Yesu mwenyewe alikuwa seremala, na hakuimba kazini. Ubao ungepinda."

Alinifundisha kazi kwa namna hiyo, kwa kunisimanga. Baada ya mwaka nilijua mambo ambayo hata leo, nikiwa nimeshika kazi nyingine nyingi katika miji mingine mingi, hayajanitoka. Watu hudhani bunduki ya shabaha ni mtutu. Mtutu ni kweli ndio unaotoa risasi, lakini risasi inapopita mtutu hutetema kama waya uliopigwa, na mti ndio unaoamua utatetema vipi. Mti ukiugusa mtutu leo upande mmoja na kesho upande mwingine, basi risasi ya leo na ya kesho hazitafika mahali pamoja, hata mpigaji awe na mkono wa jiwe. Ndiyo maana kazi yetu kubwa ilikuwa masizi. Mwenye duka aliwasha koroboi, akakipitisha chuma juu ya moshi mpaka kikawa cheusi chini, akakilaza kwenye mti, akakiinua. Pale chuma kilipogusa mti pakabaki alama nyeusi. Mzee akazikwangua zile alama kwa kipande cha kioo kilichovunjika, kidogo sana, kama mtu anayeondoa ukoko kwenye kidonda. Halafu masizi tena. Mara thelathini, mara arobaini, mpaka weusi ukaenea sawasawa pale chuma kinapokaa, na chini ya mtutu pasiwe na weusi kabisa.

Hatukuwahi kuona bunduki hata moja ikipigwa. Uwanja wa shabaha ulikuwa magharibi mwa mji, na Mwafrika aliyefika huko alifika kubeba viti. Sisi tulisoma karatasi. Mteja alirudi na karatasi ya shabaha yenye matundu, kila moja limeandikiwa namba yake, mwenye duka akaileta nyuma, na mzee akaitandaza kwenye benchi.

Siku moja mwezi wa nne, mvua ikiwa haijakatika kwa wiki nzima, aliniwekea mbele yangu karatasi kama hiyo.

"Msomi, soma."

"Matundu matano."

"Hata mbuzi anahesabu matundu. Nimesema soma."

Akaweka kidole chake chenye kucha iliyopasuka juu ya karatasi. "Mbili za kwanza zimelala pamoja kama mke na mume. Ya tatu imeamka. Ya nne imetoka nje. Ya tano iko Thika." Akapiga chafya. "Mtutu ukipata joto unaegemea mti. Huo mti unausukuma."

Bunduki ilikuwa ya Mzungu mmoja mwenye nywele nyeupe, aliyestaafu kazi ya serikali na kukaa upande wa barabara ya Ngong. Alikuwa ameiagiza mpya kutoka ng'ambo kwa ajili ya mashindano. Duka letu lilikuwa limefanya jambo moja tu: mzee alitoboa tundu moja chini ya mti na kutia pete ya kushikia mkanda wa kubebea. Baada ya hapo bunduki ikaanza kupiga ovyo, na Mzungu alikuwa na hakika kwamba aliyeharibu ni mtoboaji.

Mwenye duka alipoutoa mti na kutuletea, nilisema ni mzuri. Ulikuwa unang'aa kwa vanishi, mwekundu kama chai ya rangi. Mzee aliupindua, akanusa ndani ya mfereji, kisha akanisogezea puani. Ulinuka kama godoro lililonyeshewa. Nje vanishi ilikuwa nene, na ndani, pale ambapo mnunuzi haangalii, mti ulikuwa mchafu, wenye alama za msumeno, haukupakwa hata tone la mafuta. Ulikuwa umekatwa bado mbichi na kuharakishwa. Nyuzi za mti kwenye shingo zilikatiza kwa mshazari, na upande wa kulia kulikuwa na sehemu laini ya nje ya gogo, ambayo kucha iliingia bila nguvu. Kwa wiki nzima ya mvua sehemu hiyo ilikuwa ikinywa maji kama sifongo na kuvimba. Tulipopitisha kipande cha gazeti kati ya mtutu na mti, kiliteleza vizuri mpaka katikati, kisha kikakwama kulia. Masizi yalishika mahali patatu tu.

"Kama meno ya bibi yangu," mzee akasema. "Hiki kiwanda kimejenga nyumba nzuri kikasahau sakafu."

Bahati mbaya aliyasema karibu hivyo hivyo mbele ya mwenye bunduki. Mzungu alikuja mwenyewe, koti lake la mvua likitiririsha maji kwenye sakafu ya duka, na mwenye duka akamwita mzee mbele. Mzee alitoka ameshika kofia. Mimi nilisimama mlangoni.

"Nani nagusa bunduki yangu?" Mzungu akauliza, kwa kile Kiswahili chao.

"Mimi, bwana. Nilitoboa tundu moja. Lakini bwana, huu mti ni mbichi. Ndani haukupakwa mafuta. Unakunywa mvua."

"Hii natoka kiwanda kubwa. Wewe nafundisha kiwanda?"

"Simfundishi mtu, bwana. Mti ndio unasema."

Laiti angenyamaza hapo mwanzoni. Uso wa Mzungu ulibadilika, akaacha kuzungumza na mzee, akazungumza Kiingereza na mwenye duka, taratibu, bila kupaza sauti. Nilisikia kutosha. Alitaka bunduki ipigwe Jumamosi ya wiki ya pili. Isipopiga sawa, alitaka aliyeiharibu aondoke, na kama hakuondoka yeye angeuliza wakubwa kwa nini duka la bunduki linaweka Mkikuyu chumba cha nyuma. Mwenye duka alikuwa akiitikia kwa kichwa kabla hata sentensi haijaisha.

Mzungu alipokwenda, mwenye duka alimwambia mzee bila kumtazama: "Barua ya mwezi mupya naweka kwanza. Bunduki ikipiga muzuri, natia sahihi."

"Barua inaisha Jumatatu, bwana."

"Basi kwa nini wewe nasema maneno kwa bwana mkubwa?"

Jumatatu barua ikaisha. Mzee aliendelea kuja na barua iliyokwisha, akipita njia za nyuma, mashamba ya Kilimani na migongo ya nyumba, na kila asubuhi nilitega sikio kusikia ile chafya yake uchochoroni.

Tulifanya kazi. Ukuta wetu mmoja ulipakana na tanuri la mkate la jirani na siku zote ulikuwa na uvuguvugu. Mzee aliutundika mti hapo siku saba, hatua mbili kutoka ukutani, usikauke kwa pupa ukapasuka. Kisha akaanza masizi na kioo. Nyuma ya kile kijino cha chuma kinachousukuma mti bunduki inaporudi begani, alikata ule mti laini wa kiwanda na kutia kipande cha mutamaiyu, mzeituni wa porini, mgumu kama mfupa, alichokileta kutoka kwao mfukoni. Jumatano tulipaka mafuta ya kitani yaliyochemshwa, ndani kote, hata kwenye lile tundu dogo la pete. Nilishika mti, yeye akapaka. Jioni hiyo kipande cha gazeti kilipita chini ya mtutu kuanzia mwisho mpaka mwisho bila kugusa. Mzee alikipitisha mara tatu, akanitazama.

"Soma, msomi."

"Iko sawa, mzee."

"Hata mbuzi angeona," akasema, lakini alikuwa amefurahi.

Alhamisi hakuja. Saa nne mwanamume mmoja wa Riruta aliyekuwa akileta maziwa mjini alinisimulia mlangoni, haraka haraka, macho barabarani. Askari walizunguka upande wao alfajiri. Wanaume wote walikalishwa chini uwanjani, kwenye matope, wanachujwa. Waliokuwa na barua nzuri ya mwajiri walikuwa wakiachiliwa mmoja mmoja.

Nilikwenda kwa mwenye duka nikamwambia. Alizungusha kalamu yake. Sidhani alikuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeogopa, na alikuwa amezoea kuogopa kwa utaratibu.

"Jumamosi bunduki ikipiga muzuri," akasema, "Jumamosi ile ile naandika. Naandika barua kubwa. Sasa siwezi."

Sasa lazima nieleze habari ya kidole gumba.

Zile skrubu mbili zina mpangilio wake. Ya mbele hukazwa kwanza, kwa nguvu, ili kile kijino cha chuma kikae mahali pake. Ya nyuma hufuata, polepole, mpaka inaposhika tu. Ukianza na ya nyuma ukaikaza kwa nguvu, unakipinda chuma kama upinde juu ya mti, na kazi yote ya masizi inapotea. Mwenye duka hakujua hilo, au alijua akasahau. Mzee hakuwahi kumwambia. Kila siku ya kuunganisha, alipokuwa ameushika mti, aliweka kidole gumba chake juu ya tundu la nyuma na kukiacha hapo, kama mtu anayeshikilia tu, na mwenye duka, akiliona tundu moja wazi, alianza na hilo. Kidole kiliondoka ya mbele ilipokwisha kukazwa. Niliwahi kumuuliza kwa nini asiseme.

"Mwenye chuma hafundishwi," akasema. "Anazuiwa."

Ijumaa mchana mwenye duka alikuja nyuma na chuma. Gari la Mzungu lilikuwa limesimama nje, injini haikuzimwa. Niliushika mti kwa mikono miwili, huku na huku, kama nilivyozoea kumshikia mzee. Nilikuwa nafikiria Riruta. Nilikuwa nafikiria kwamba kesho mambo yatakwisha. Nilipoangalia chini bisibisi ilikuwa tayari kwenye tundu la nyuma, na kidole changu gumba kilikuwa upande wa pili wa mti, hakina kazi.

Akaikaza. Alikuwa na haraka na mkono wake ulikuwa na hasira. Niliusikia mti ukilia, sauti ndogo, kama kiti kikikaliwa na mtu mzito. Halafu akaikaza ya mbele.

Maneno yaliyotakiwa yalikuwa machache. Bwana, ya mbele kwanza. Nimeyasema mara nyingi tangu siku hiyo, nikiwa peke yangu, njiani, katika vyumba vya kupanga. Siku ile niliyameza. Sikuwahi kumwambia mwenye duka neno lolote kuhusu chuma, na mdomo wangu haukujua unaanzaje. Nikajiambia mti umetengenezwa vizuri mno, hauwezi kuharibiwa na mzunguko mmoja wa skrubu.

Jumatatu karatasi ilirudi. Matundu yalikuwa chini kushoto, yametawanyika kama mahindi yaliyomwagika. Mwenye duka aliitupa kwenye benchi langu.

"Fundi yako kwisha," akasema. "Sasa wewe fundi mukubwa."

Nikasogea nikakaa upande wa dirisha, mahali pa mzee, kwa sababu mwenye duka alikuwa amesimama akingoja nisogee. Vioo vyake vya kukwangulia vilikuwa pale vimefungwa kwenye kitambaa. Jumatatu ile sikusema kitu. Jumanne pia. Nikisema nilimwona akikosea, nitakuwa nimemwambia Mhindi mbele ya bunduki ya Mzungu kwamba kosa ni lake, na mimi nami nilikuwa na barua iliyotiwa sahihi naye, hata kama askari hawakuiomba mara nyingi. Usiku Ngara nilimwambia binamu yangu. Akaniambia nyamaza, wewe huna kwenu hapa.

Jumatano nilisema. Nilisema nikiwa nimesimama mlangoni mwa chumba cha mbele, nikitazama viatu vyake. Nilieleza skrubu, nilieleza hata kidole gumba. Akalifungua kasha, akatoa bunduki iliyorudishwa, akachomoa komeo na kulitia mfukoni, akaja nyuma, akakaa kwenye kigoda, na akaniambia nimwonyeshe. Hakunipa bisibisi. Alilegeza zote mbili, akaigonga taratibu kitako kwenye mbao za sakafu kama nilivyomwambia, ili kijino kirudi mahali pake, akaanza na ya mbele. Nilipitisha kipande cha gazeti chini ya mtutu. Kilipita.

"Bwana anapiga Jumamosi," akasema.

"Barua, bwana?"

"Jumamosi kwanza."

Karatasi ya Jumatatu iliyofuata sikuhitaji kufundishwa kuisoma. Matundu matano yaliingiliana, ungeweza kuyafunika yote kwa kifuniko cha soda. Mzungu mwenyewe aliileta, amechangamka, akampa mwenye duka mkono. Nilimsikia akisema kwamba alijua tangu mwanzo. Bunduki ya kiwanda kile haiwezi kuwa na kosa, mti ulihitaji tu kuzoea hewa ya nchi hii. Mwenye duka akasema ndiyo, ndiyo kabisa, mti ulihitaji kuzoea.

Kisha akaandika barua. Aliandika barua kubwa kama alivyoahidi, kwenye karatasi nzuri yenye jina la duka juu, akagonga mhuri mara mbili. Nikaitia ndani ya shati nikatembea mpaka Riruta kwenye manyunyu. Uwanja ulikuwa mtupu, nyasi zimelala zote kwa kukaliwa. Askari aliyekuwa pale aliisoma barua akanielekeza kwa mke wa mzee.

Alikuwa mama mrefu, mrefu kuliko mumewe, amejifunga leso kichwani, akipepeta mahindi chini ya upenu. Nilimwamkia nikamwambia nimetoka kazini kwa mzee. Aliipokea barua, akaifungua, akanirudishia nimsomee. Nikasoma. Mchukuzi wa barua hii ni seremala wangu, mtu mwaminifu, anahitajika kazini.

"Walimchukua Alhamisi ya wiki juzi," akasema. "Siku tano walikaa pale uwanjani, halafu lile kundi la wasio na barua wakawaweka ndani ya ua wa waya. Alhamisi iliyopita lori likaja. Hatujaambiwa ni wapi."

Alhamisi iliyopita ilikuwa siku moja baada ya mimi kusema.

Niliendelea kushika barua kwa sababu hakuonyesha kuitaka. Kuku walikuwa wakidonoa makapi miguuni mwetu. Akauliza kama mimi ndiye yule kijana wa magharibi anayeimba nyimbo za kanisa.

"Ndiye, mama."

"Nilimpelekea chakula kwenye waya. Akaniambia nisiwe na hofu. Alisema bunduki iko sawa, na pale kazini kuna mtu anayeijua kazi, ataona kama kuna kosa, atasema." Akanitazama, si kwa lawama, alitaka tu kujua. "Ulisema?"

"Nilisema, mama."

Haukuwa uongo, na hakuniuliza lini. Aliichukua barua, akaikunja mikunjo minne, akaenda kuiweka ndani ya nyumba mahali pasipovuja, akarudi kwenye ungo wake. Akaniambia nikae, uji uko motoni. Nikasema nimechelewa.